Reli ya mezani kwa mzazi anayejenga peke yake

Mzazi akimwahidi mtoto reli ya mezani, mara nyingi huwa ameahidi kazi ya watu wawili: mmoja ashike ubao, mwingine afunge skrubu. Lakini usiku, watoto wakishalala, anayebaki na kazi hiyo ni mtu mmoja. Wiki zinapita, bodi inahamia nyuma ya kabati, na ahadi nayo inaifuata huko.

Jambo la kwanza ni ukubwa. Bodi ya sentimita 60 kwa 120 hubebwa na mtu mmoja, hupita mlangoni na husimamishwa ukutani. Treni huchaguliwa kufuata bodi. Zile za kipimo cha HO ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi ina upana wa milimita 1,435. Ukigawanya kwa 87 unapata milimita 16.5, ndio upana wa reli ya HO. Tatizo ni kona. Duara lake dogo la kawaida lina kipenyo cha sentimita 72 hivi, kwa hiyo halienei. Treni za kipimo cha N, ndogo mara 160 na zenye reli ya milimita 9, hugeuka humo bila shida. Mwenye HO huweka bodi mbili ubavu kwa ubavu na kuzifunga kwa bolti, ili siku ya kuhama zifunguliwe.

Mkono wa pili unapatikana dukani. Vibano viwili vya seremala hushika mguu wa meza wakati skrubu inaingia. Vibanio vya nguo hushika waya, na selotepu ya karatasi hushika reli mpaka mpangilio ukubalike. Kabla ya gundi, behewa moja husukumwa kwa kidole mzunguko mzima. Likiruka kwenye kiungo, kiungo hicho hurekebishwa siku hiyohiyo, kwani kikishazungukwa na kokoto kukirekebisha ni kubomoa.

Waya ndiyo kazi inayoumiza wengi. Anayelehemu akiwa amelala chini ya meza hudondokewa na lehemu ya moto usoni. Dawa yake ni kuisimamisha bodi kwa ubavu, kuifunga kwa vibano na kufanya kazi ukiwa umekaa, miwani ya kinga machoni. Waya mwekundu huenda reli moja, mweusi nyingine, bila kubadilisha hata mara moja. Pamba iliyoloweshwa maji ikiwekwa pande mbili za sehemu inayolehemiwa, mataruma ya plastiki hayayeyuki. Umeme wa relini ni mdogo, mara nyingi volti 12, lakini transfoma inayochomekwa ukutani haifunguliwi kamwe. Na kwa kuwa lehemu nyingi zina risasi, meza hufutwa na mikono huoshwa kabla mtoto hajagusa kitu.

Kokoto hutengenezwa kwa mchanga uliochekechwa na kukauka. Husambazwa kwa brashi, hunyunyiziwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha hudondoshewa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Sehemu zinazosogea za njia panda ya reli huachwa kavu, vinginevyo hugandamana.

Hatari nyingine haimo kwenye waya. Mtoto anayeambiwa "usiguse" kwa miezi mitatu hujifunza kwamba treni ile si yake, na siku inapokamilika huitazama kidogo akarudi kucheza nje. Kwa hiyo treni itembee wiki ya kwanza, hata kama ni duara moja juu ya bodi tupu isiyo na rangi wala mlima. Mtoto wa miaka sita anaweza kuliendesha, kusukuma behewa la majaribio na kusambaza mchanga. Aliye chini ya miaka mitatu hukaa mbali na vipande vidogo. Lehemu na kuchimba matundu hubaki kazi ya mzazi, usiku. Asubuhi mtoto ndiye anayewasha, na ndiye atakayesema treni inaruka wapi.