Shahada ya uzamifu haitoshi kumfanya mtu mwalimu

Sheria za nchi hii haziruhusu mtu kufundisha katika shule ya msingi wala ya upili pasipo kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Hata hivyo, mtu akihitimu shahada ya juu ya kemia au fizikia, aghalabu hukabidhiwa ukumbi wenye mamia ya wanafunzi bila kuulizwa iwapo aliwahi kufunzwa kufundisha.

Nayasema haya nikiwa miongoni mwa waliopitia njia hiyo. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili, nilipewa chaki na orodha ya mada, nikaambiwa nianze Jumatatu. Niliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza jinsi nilivyofundishwa mimi, yaani kwa kuwasomea nao wakinakili. Wengi wao walipoanguka mtihani, niliwashutumu kwa uzembe. Ilinichukua miaka kung'amua kwamba uzembe ulikuwa wangu pia.

Katika sayansi hasara huzidi. Chukua neno "kazi". Kwetu sote, hamali anayetembea na gunia kichwani kwenye njia tambarare anafanya kazi ya sulubu. Kwa mwanafizikia, nguvu inayolishikilia gunia hilo haifanyi kazi yoyote, kwa kuwa inaelekea juu ilhali gunia linakwenda mbele. Mhadhiri asiyetambua kwamba mwanafunzi ameingia ukumbini na ile maana ya kwanza atatoa fasili sahihi, nayo itaingia sikio hili na kutokea lile.

Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alilipatia jambo hili dawa mnamo 1991. Aliwauliza wanafunzi swali, kila mmoja akachagua jibu, kisha akajaribu kumshawishi jirani yake. Mnamo 2014, Scott Freeman na wenzake walichanganua tafiti 225 kuhusu masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi. Waligundua kwamba palipokuwa na mihadhara mitupu, takriban asilimia 34 ya wanafunzi walianguka. Waliposhirikishwa, ni asilimia 22 hivi.

Kuna watakaodai kwamba kumbi zetu zimefurika mno. Lakini swali la Mazur hujibiwa hata kwa kuinua mkono, na ukumbi ukifurika, majirani ndio huongezeka.

Ajabu ni kwamba vyuo vyetu vina vitivo vya elimu, ambavyo huwafunza walimu wa upili mbinu za kufundisha na kuwatuma kwenye mazoezi shuleni. Isitoshe, walimu wa sayansi wa shule za upili walianza kunolewa upya mnamo 1998 kupitia mradi wa SMASSE, kwa ushirikiano na Japani. Vyuo vikuu vimekuwa yule kinyozi asiyejinyoa.

Napendekeza kwamba kila mwanafunzi wa uzamili au uzamifu anayepewa darasa au maabara asimamie apitie kwanza muhula mmoja wa mafunzo katika kitivo cha elimu. Wahadhiri nao watembeleane madarasani na kukosoana kwa heshima. Aidha, wanapopandishwa vyeo, ufundishaji wao upimwe kwa uzito sawa na makala wanazochapisha.

Mwanafunzi anapoanguka, hurudia mtihani. Je, mhadhiri aliyemwangusha hurudia nini?