Jicho Likiruka, Ubongo Hushika Mahali

Askari wa usalama barabarani asimamapo kwenye njia panda ya Wandegeya, mjini Kampala, hana nafasi ya kukodolea macho kitu kimoja. Mara hutazama magari ya barabara ya Bombo, mara yale yateremkayo kutoka Makerere, mara watu wanaosubiri kuvuka. Hata hivyo, huku akitazama kwingine, huweza kunyoosha mkono na kumsimamisha mwendesha bodaboda aliyemwona punde tu ubavuni. Amejuaje mahali pake pasipo kumtazama tena?

Swali hili ni zito kuliko lionekanavyo. Jicho la mwanadamu litazamapo huku na huku haliendi polepole; huruka, aghalabu mara 3 hivi katika kila sekunde. Kila lirukapo, picha yote iliyo nyuma ya jicho huhama. Kilichokuwa kulia chaweza kuwa kushoto. Kama ubongo ungetegemea picha hiyo peke yake, dunia ingeyumba kutwa nzima, na mama aliye jikoni, macho yakiwa kwenye sufuria, asingeweza kupeleka mkono moja kwa moja kwenye kopo la chumvi.

Jambo hili hupimika nyumbani. Mtu na afumbe jicho moja, kisha asukume taratibu sana, juu ya ukope, pembe ya nje ya jicho la pili. Chumba kitaonekana kutikisika. Lakini jicho hilo hilo likigeuzwa na misuli yake, chumba hutulia. Mtaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alilieleza jambo hili katika karne ya 19.

Sababu yake ni kwamba ubongo ndio utoao amri kwa misuli ya jicho, na nakala ya amri hiyo hupelekwa kwenye sehemu nyingine za ubongo. Jamaa wa kambini wataelewa upesi: kikosi kikiamriwa kuhama, mwenye ghala naye hana budi kupata habari mapema, ili chakula kisibaki kambi ya zamani.

Mwaka 1992 wataalamu watatu, Jean-René Duhamel, Carol Colby na Michael Goldberg, walitangaza huko Marekani uchunguzi wao juu ya ubongo wa kima. Waliona kwamba baadhi ya seli zilizo upande wa juu, kwa nyuma, huanza kushughulikia mahali papya hata kabla jicho halijaruka. Tena ziliitikia taa iliyokwisha kuzimwa, kwa kumbukumbu tu. Mwaka 2002 Marc Sommer na Robert Wurtz waliituliza kwa dawa njia mojawapo ipitishayo nakala ya amri. Kima waliruka sawa kwa jicho mara ya kwanza, bali mruko wa pili, wa kuelekea mahali pa kukumbuka, ulikosea shabaha.

Basi kipaji hiki ni kikubwa, lakini kina mipaka miwili. Kwanza, ubongo hushika kwa usahihi mahali pa vitu vichache tu kwa wakati mmoja, vipatavyo 3 au 4. Pili, hesabu hiyo husahihisha mwendo wa jicho. Haitoi hakika juu ya mwendo wa pikipiki. Chombo kiendacho kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Avukaye akitazama kushoto kwa sekunde 2, bodaboda aliyoiacha kulia imekwisha kusogea mita 33. Pale anapopakumbuka, haipo tena.

Kwa hiyo wazazi wawafundishe watoto: nchini Uganda magari hupita kushoto, hivyo tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena kabla ya kukanyaga lami. Tazamo la tatu si woga. Ndilo lifutalo habari iliyochakaa. Watoto wadogo, ambao bado hawawezi kukadiria vema mwendo wa gari, washikwe mkono.

Naye apandaye pikipiki, awe dereva au abiria, avae kofia ngumu na kuifunga kidevuni. Sehemu ile ya ubongo ikiumizwa, mtu aweza kuona vizuri na bado akakosea mahali pa vitu. Macho yake ni mazima, ila mwenye ghala hapati tena habari.