PlayStation za Goma: kufunga vibanda si dawa

Mjini Goma mtoto hahesabu PlayStation alizomiliki, anahesabu vibanda alivyochezea. Kibanda kina televisheni moja, mashini moja ya mtumba, maneti mbili zilizofungwa skochi, na nje foleni ya watoto wanaolipa kwa mechi.

PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000. Mwaka huo bei ya koltani ilipanda ghafla duniani, kwa sababu tantali iliyomo hutumika katika simu na mashini kama hizo. Milima ya Masisi ilijaa wachimbaji na wenye bunduki. Mwaka 2001 bei ikaanguka, bunduki zikabaki. Zikafuata PlayStation 3, 4, na ya 5 mwaka 2020. Goma huzipokea zikiwa zimechoka.

Leo kuna watoto waliokimbia upande wa Rubaya, penye machimbo makubwa ya koltani, ambao wanakaa kwa jamaa tangu kambi zivunjwe Februari 2025. Raha yao ni mechi moja jioni. Wazazi wengi wanataka vibanda vifungwe, na wana haki ya kuogopa: pesa ya unga hupotelea humo, masomo pia. Lakini uwanja wa kuchezea uko wapi?

Wakuu wa mitaa waweke saa. Wakati wa masomo, mlango ufungwe. Saa kumi na mbili jioni, kila mtoto awe kwao. Mwenye kibanda anayepokea asubuhi mtoto aliyevaa yunifomu, huyo ndiye wa kufungiwa.