Kapu la Mwezi: Mluzi, Shanga na Mapigo ya Moyo

Kapu letu limejaa tena. Bandika maharage yako jikoni, kaa kitako, tulifungue pamoja.

WANYAMA
Kule Yaeda Chini, wilayani Mbulu, ndugu zetu Wahadzabe wana rafiki mwenye mabawa. Ni ndege mdogo ajuaye walipo nyuki wa porini. Mhadzabe akipiga mluzi, ndege huitika na kumwongoza mti kwa mti. Mtu hutumia moshi na shoka akapata asali. Ndege naye hujilia nta na majana.

Desemba 2023, watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walieleza katika jarida la Science jinsi walivyowajaribu ndege hao. Katika vilima vya Kidero, ndege waliuitika mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Wayao wa Msumbiji, ambao huita kwa kutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno. Kumbe ndege naye ana lugha ya nyumbani!

Wahadzabe nao ni wajanja. Mara nyingine huichoma au kuifukia nta ili ndege abaki na njaa na aendelee kutafuta. Akina mama, mbinu hiyo msiijaribu kwa baba watoto!

SANAA
Zamani mabinti wa Kiiraqw walikaa ndani katika mafunzo ya utu uzima yaliyoitwa marmo. Humo walishona sketi za ngozi na kuzitarizi kwa shanga. Desturi hiyo ilikoma wakati wa ukoloni, na leo baadhi ya sketi hizo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ng'ambo. Kama bibi bado anayo moja sandukuni, usiruhusu panya waifanye kitanda. Keti naye, umwulize aliishonaje, na binti yako awepo akisikia.

MUZIKI
Wairaqw wana slufay, utenzi wa baraka ambao mzee huutamka mbele ya watu. Hausomwi kitabuni, bali hutoka kichwani, na wasikilizaji huitikia kwa pamoja. Mzee akisema peke yake pasipo wa kumwitikia, huo si utenzi tena, ni mtu anayejisemea tu. Jaribuni mtindo huo nyumbani siku ya sherehe: babu aombe baraka, watoto waitikie. Tutaona kama kuna atakayesinzia!

HABARI
Habari ya mwisho ndiyo kubwa, maana inatuhusu sisi wazazi. Mwaka 2025 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilitangaza matokeo ya kazi iliyoongozwa na watafiti wa hospitali yetu ya Haydom pamoja na wenzao. Hospitali na vituo 30 vya mikoa 5, Manyara ukiwemo, vilishiriki. Vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban asilimia 75, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza kwa asilimia 40.

Siri yake? Wakunga walifanya mazoezi mafupi mara kwa mara, wakitumia mwanasesere, ili siku mtoto anapozaliwa bila kupumua mikono isitafute la kufanya. Walipewa pia vifaa vya kusikiliza moyo wa mtoto angali tumboni. Moyo huo hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, haraka kuliko ngoma yoyote ya harusi. Ukienda polepole mno, mkunga anajua kwamba mtoto anaita.

Lakini mkunga hawezi kuuitikia moyo ulioko kilomita 20 kutoka wodini. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukiona damu, ukiumwa sana kichwa na macho yakaona ukungu, ukivimba uso na mikono, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje asubuhi wala usingoje mahindi yapukuchuliwe. Nenda kituoni mara moja. Wewe na baba watoto wekeni nauli mapema, tena mjue ni gari au pikipiki ya nani itakayowabeba usiku wa mvua barabara zikiharibika.

Haya, maharage yasije yakaungua. Tukutane mwezi ujao, kapu likiwa jipya.