"NI UTI TU" IMETUCHOSHA! (Sehemu ya 4)

Mama zangu, dada zangu wa Mafia. Leo tugombane kidogo.

Mama anakojoa damu. Anaenda duka la dawa, anaambiwa "ni UTI tu", anapewa sipro. Wiki mbili, damu imerudi. Sipro tena. Mara ya tatu, ya nne, na mkojo wenyewe haujapimwa hata siku moja! Jamani, dawa ya bakteria haiondoi uvimbe.

Mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu kuja nje, kwa mwanamke una kama sentimita 4 tu. Na wenyewe unapata saratani. Ni nadra sana, na wengi wenye damu wana UTI kweli, au mawe, au kichocho. Lakini utajuaje bila kupima?

Angalia hizi:
👉 Damu kwenye mkojo, au matone kwenye chupi na huko kwenye siku zako
👉 Mkojo mwembamba, unaokatika au unaotoka kwa kusukuma
👉 Haja ndogo kila mara, hasa usiku
👉 Kinyama au uvimbe kwenye tundu la mkojo
👉 Usaha, au matezi ya kinenani kuvimba

Damu isiyouma isikudanganye. Na bibi aliyekoma hedhi akiona damu, msimwambie "zimerudi". Mleteni.

Mtoto je? Amekaa Rufiji au Unguja, ameoga mtoni au bwawani, sasa mkojo wake unaishia na damu. Usiseme "anakua huyo". Kichocho kinatibika kwa prazikwanteli. Ukikiacha miaka, kinaharibu kibofu na kinaweza kuleta saratani ya kibofu.

Mtasema nesi anatisha watu. Kinachotisha ni kumfikisha mgonjwa Ocean Road wakati ugonjwa umeshasambaa.

Kwa hiyo, ukifika Kilindoni sema: "Naomba mkojo wangu upimwe." Damu ikirudi baada ya dozi, omba rufaa, ukaangaliwe ndani kwa kamera ndogo, na kikionekana kitu, kinyama kikapimwe. Ni haki yako, si ujuaji.

Na sisi watu wa afya, tuache kuandika dawa kabla ya kipimo.

Baba wa nyumba, nauli ya boti mpaka Nyamisati inauma, najua. Anza kuiweka leo.

Sehemu ya 5 inakuja. Mtumie na mama mkwe hii.