Mgeni Aliyemla Mwenyeji

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huko Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, mambo yalikwenda kinyume. Ziwa lile lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo kama dagaa. Mwaka 1925 wakatiwa perege. Mwaka 1929 akaletwa kutoka Marekani samaki mla samaki wenzake, ili Wazungu wapate mchezo wa ndoana. Yule mdogo alionekana mara ya mwisho mwaka 1962.

Leo wavuvi wa Naivasha hula kwa samaki wageni, wala hatuwalaumu; riziki ni riziki. Mwaka 2001 uvuvi ulifungwa kwa kuwa samaki walipungua, kisha ukawekwa utaratibu wa kufunga kwa miezi kadhaa kila mwaka. Ni jambo jema. Lakini msimu huo huwalinda wageni. Mwenyeji hayuko tena wa kulindwa.

Kaskazini ya hapo, Ziwa Baringo lingali na mwenyeji wake, ngege wa aina yake peke yake. Kamongo, naye mla samaki, alitiwa humo katika miaka ya 1970.

Basi rai yetu ni hii: ngege anapozaa, nyavu zifungwe; kamongo avuliwe kwa mshipi mwaka mzima. Na mtu asitie samaki mgeni mtoni wala ziwani kwa matakwa yake. Viumbe hawa ni amana, na amana hurudishwa ikiwa nzima.