Kujikaza si tiba: moyo ukilemewa, sema mapema

Msomaji, huenda nawe umewahi kufika kwa daktari ukilalamikia kichwa kinachouma kila siku, kifua kinachobana au tumbo lisilotulia. Ukapimwa taifodi, sukari na shinikizo la damu, na kila kitu kikaonekana sawa. Ukarudi nyumbani na tembe za maumivu, na baada ya majuma mawili ukawa tena kwenye foleni.

Sisi tunaotibu watu hapa Ruring'u huwaona wagonjwa wa aina hii mara kwa mara. Aghalabu ukweli huanza kutoka mgonjwa anapoulizwa, "Unalala vipi?" Hajalala vizuri tangu karo ilipomshinda, au tangu alipomzika mkewe, au tangu alipoachishwa kazi Nairobi akarudi kwa wazazi. Mtu huyo hasingizii ugonjwa. Akili ikilemewa, mwili hujiandaa kana kwamba kuna chui mlangoni: moyo hupiga mbio, misuli hukaza na usingizi hukimbia. Hali hiyo ikiendelea kwa majuma mengi, mwili huchoka kabisa.

Maoni yangu ni kwamba dawa tunayopeana sana huku kwetu, yaani kumwambia mtu "jikaze", imewaumiza wengi. Desturi hiyo ina mizizi mirefu. Desemba 1963, wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakakusanyika katika uwanja wa Ruring'u kusalimisha silaha. Walikuwa wamepoteza wenzao, na jamaa zao walikuwa wameonja mateso ya vijiji vya hali ya hatari. Haikuwa kawaida siku hizo kumwuliza mtu moyo wake ukoje. Wengi walirudi shambani wakanyamaza, na wazazi wetu wakajifunza kwao kwamba mtu mzima hasemi. Tuwaheshimu wazee hao, lakini kimya chao tusikigeuze kuwa sheria ya kuwatesa vijana wetu.

Pia kuna hofu ya jina. Kwa mtu wa Nyeri, Mathari ni hospitali ya misheni ya Consolata, ambako huenda hata alizaliwa. Lakini mtajie Mathari ya Nairobi uone atakavyoruka! Hudhani kwamba kutafuta msaada wa akili ni kutangazwa mwendawazimu. Ukweli ni kwamba wengi wanaolemewa hawahitaji kulazwa popote. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 2017 uliwahusu wanawake 421 waliokuwa na dhiki ya moyo baada ya kutendewa ukatili. Waliokutana mara tano na wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa, ambao hawakuwa madaktari, walipata nafuu zaidi kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Nchini Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kwa kuwafunza nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kuketi kwenye benchi na kusikiliza watu. Kama nyanya wa Mbare waliweza, wa Ruring'u watashindwaje?

Wengine watasema, "Daktari, maneno hayalipi karo." Ni kweli. Lakini mtu aliyelemewa humkwepa mwalimu mkuu, hajibu simu za chama cha ushirika, na deni huzidi kukua. Akipata usingizi na mtu wa kumsikiliza, huweza kwenda kuomba muda wa kulipa. Pombe haitamfikisha hapo. Humpa usingizi mfupi, kisha humwamsha usiku wa manane akiwa na huzuni kubwa kuliko ya jioni.

Jambo zito zaidi ni fikira za kujiua. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na familia zikaficha. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Basi mtu wa namna hiyo apelekwe hospitalini, wala familia isimfiche. Usiogope pia kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Wengi hushukuru kwamba hatimaye kuna aliyeuliza.

Ikiwa wewe ndiwe uliyelemewa, chagua mtu mmoja unayemwamini umwambie leo, hata kwa maneno machache: "Mambo yamenishinda, nisaidie." Ikiwa huzuni, wasiwasi au kukosa usingizi kumedumu majuma mawili, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe au hospitali ya rufaa ya kaunti, na useme yaliyo moyoni, si maumivu ya kichwa pekee. Fikira za kujiua zikikujia, usingoje kesho. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo, na watoto wana 116.

Nawe unayeambiwa, sikiliza kwanza. Usihubiri, wala usimweleze kwamba kuna walio na shida kumzidi. Weka mbali vitu anavyoweza kujidhuru navyo, usimwache peke yake ikiwa hatari ipo, na umsindikize hospitalini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Wiki hii mtazame yule mwenzako aliyeacha kuja kwenye chama au kanisani, na ambaye simu yake haishikwi. Usimtumie salamu tu. Nenda kwake, uketi, umwulize analala vipi, kisha umpe nafasi ajibu.